Mtandao wa kompyuta unakatika kila mara: ununue waya, adapta, betri ya rauta au laini ya pili?

Ingia kwenye maduka ya kompyuta ya Kampala useme kompyuta yako inapoteza mtandao mara kwa mara, kila muuzaji atakupa dawa aliyo nayo kabatini. Mwenye waya atakuuzia waya. Mwenye adapta za Wi-Fi za USB atasema kadi ya Wi-Fi ya ndani imekufa. Wakala wa faiba atakwambia kampuni unayotumia haifai. Wote wanaweza kuwa wakweli, kwa sababu dalili ni moja na vyanzo ni vingi. Kinachoamua dawa ipi inunuliwe ni mahali mtandao unapokatikia, na hapo panajulikana bila kutoa hata shilingi mia.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bidhaa, fanya upimaji. Ukiruka hatua hii, ulinganisho wote unaofuata ni kamari.

Panakatikia wapi?

Kipimo cha kwanza ni simu. Kompyuta ikikosa mtandao, chukua simu iliyo kwenye Wi-Fi ileile, zima data ya laini, kisha fungua ukurasa wowote. Simu ikifungua, muache mtoa huduma apumzike: tatizo liko ndani ya kompyuta au hewani kati yake na rauta. Simu nayo ikikwama, usiiguse kompyuta. Kuzima data ni muhimu, maana Wi-Fi ikilala simu huhamia kimyakimya kwenye laini yake, na mtu anadhani Wi-Fi ni nzima.

Kipimo cha pili ni ping, amri inayotuma ujumbe mfupi kwa kifaa na kusubiri kijibu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, na kwenye dirisha linalofunguka andika ipconfig. Tafuta mstari unaotaja Gateway. Namba iliyo hapo ni anwani ya rauta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na kwa MiFi nyingi za Huawei, vile vifaa vidogo vinavyotoa Wi-Fi kwa laini ya simu, ni 192.168.8.1. Fungua madirisha mawili ya namna hiyo. La kwanza liandikie ping -t ikifuatiwa na anwani ya rauta. La pili liandikie ping -t 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google iliyo nje kabisa ya nyumba yako. Yaache yaendelee huku wewe unafanya kazi zako.

Mtandao ukikatika, soma madirisha hayo. Kama rauta inajibu lakini 8.8.8.8 iko kimya, kilichokatika ni laini ya mtoa huduma, au bando limekwisha. Kama rauta yenyewe haijibu, tatizo liko kati ya kompyuta na rauta, au rauta imezima. Kama zote mbili zinajibu na bado kurasa hazifunguki, shida mara nyingi ni DNS, ule mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa namba; weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kwenye mipangilio ya DNS ya kompyuta na uendelee na maisha. Na ipconfig ikikuonyesha anwani inayoanza na 169.254, ujue kompyuta iliomba anwani kwa rauta, haikupewa, ikaamua kujipa yenyewe.

Huku kwetu kuna mtego mmoja ambao maelekezo ya mafundi wa nje hayautaji. Tangu Facebook ilipofungwa Uganda Januari 2021, kompyuta nyingi hapa zina VPN, programu inayopitisha intaneti kwenye seva ya mbali ili kukwepa kizuizi, na nyingi ni za bure. Baadhi ya VPN hizo zina kipengele cha kufunga intaneti yote pale VPN inapokatika, ili siri za mtumiaji zisivuje. Seva ya bure ikizidiwa na watu, VPN inakatika, intaneti inafungwa, na wewe unailaumu rauta. Zima VPN siku nzima kisha uone kama tatizo linarudi. Ni kipimo cha kivivu, lakini kimeokoa watu wengi wasinunue kadi mpya.

Ukitaka ushahidi wa siku zilizopita, fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike netsh wlan show wlanreport. Windows itatengeneza ripoti ya siku tatu yenye kila muunganisho, kila kukatika na sababu iliyoandikwa na kadi yenyewe. Mistari yake ni migumu kusoma, lakini saa zake ni za kweli. Linganisha saa hizo na saa umeme ulipocheza. Nitarudi kwenye hilo.

Mipangilio ya bure, au kadi mpya?

Kama kipimo kimeonyesha kosa liko kwenye kompyuta, bado usitoe pesa. Laptopu nyingi zinazouzwa mjini ni za mitumba zilizofanyiwa matengenezo, na Windows iliyomo iliwekwa harakaharaka, na draiva ya Wi-Fi, yaani programu inayoiendesha kadi, ni ya jumla badala ya ile ya kadi husika. Draiva kama hiyo hufanya kazi asubuhi nzima halafu ikadondosha muunganisho bila sababu ya kueleweka. Ingia kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, weka namba ya modeli, uchukue draiva ya Wi-Fi kutoka hapo. Zile programu zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa kubonyeza mara moja, ziepuke. Nyingi huongeza matatizo kuliko zinayoyatatua.

La pili ni kubana umeme. Andika devmgmt.msc kwenye kisanduku cha Windows na R, fungua orodha ya adapta za mtandao, bonyeza mara mbili ile ya Wi-Fi, na kwenye kichupo cha umeme (Power Management) ondoa alama inayoiruhusu kompyuta kukizima kifaa hicho ili kuhifadhi chaji. Kwenye laptopu mpya kichupo hicho huenda kisionekane kabisa kwa sababu zinalala kwa mfumo tofauti. Ukikikosa, sogea mbele.

Wanafunzi wa hosteli wana jambo lao. Wi-Fi ya vocha humtambua mtumiaji kwa anwani ya kifaa chake. Windows ina uwezo wa kubadilisha anwani hiyo kila siku ili kulinda faragha, na ikiwashwa, mfumo wa hosteli unaiona laptopu kama mgeni na kudai vocha upya. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo, zima anwani za kubahatisha (Random hardware addresses). Wapo watu Kikoni, mtaa wa hosteli karibu na Makerere, wanaolipia vocha mbili kwa kifaa kimoja kwa sababu hii tu.

Kuseti upya mtandao wote kunakuja mwisho kabisa. Kunaondoa adapta zote na kuzisakinisha tena, nywila za Wi-Fi ulizohifadhi zinafutika, na VPN ya ofisini itabidi iwekwe upya. Kunasaidia pale programu za kinga zilizokuja na kuondoka zimeacha mabaki. Usifanye Ijumaa jioni kwenye kompyuta ya kaunta.

Waya dhidi ya adapta ya USB

Hapa ndipo watu hubishana zaidi, na mimi naegemea waya, yaani kebo inayotoka kwenye rauta hadi kwenye kompyuta, bila aibu.

Wi-Fi ya masafa ya GHz 2.4 ina chaneli tatu tu zisizopandiana: 1, 6 na 11. Fikiria sasa jengo la maduka katikati ya jiji, au Nasser Road ambako kila chumba kina mchapaji, na kila mchapaji ana rauta yake. Chaneli tatu, rauta nyingi. Ni soko ambalo kila muuzaji ana spika. Katika mazingira hayo, kununua adapta ya bei nafuu inayoshika GHz 2.4 peke yake ni kuongeza spika moja. Kompyuta itasema ina mtandao, pau zitajaa, na bado ping itaruka kutoka milisekunde 5 hadi 900 na kurudi.

Adapta yenye maana ni ile inayoshika pia GHz 5, ambako chaneli ni nyingi na fujo ni kidogo. Lakini masafa hayo hayapendi kuta. Ukuta wa matofali ya kuchoma hupunguza nguvu zake sana, na mlango wa chuma au mabati huyazuia karibu kabisa. Kama rauta iko chumba kimoja na kompyuta, GHz 5 itashinda. Ikiwa iko upande wa pili wa nyumba, utarudi kwenye GHz 2.4 na kelele zake.

Jambo dogo lisiloandikwa kwenye boksi la adapta: vifaa na tundu za USB 3.0 hutoa kelele za redio karibu na GHz 2.4, na Intel yenyewe ilichapisha vipimo vya tatizo hilo mwaka 2012. Ukiichomeka adapta ndogo kama ukucha pembeni mwa diski ya nje ya USB 3.0, mtandao unakatika kila unaponakili faili. Waya mfupi wa kurefusha USB, unaoitoa adapta mbali kidogo na kompyuta, mara nyingi unatosha. Hizo adapta ndogo sana pia hupata joto na antena zake ni hafifu. Chagua yenye antena inayoonekana hata kama inachukua nafasi.

Waya hauna habari na hayo yote. Kebo ya daraja la Cat5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na jirani akiongeza rauta ya tano hauna wa kumlalamikia. Udhaifu wake ni mwingine. Kwanza, ubora. Sokoni kuna kebo nyingi ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Zinakuwa nyepesi mkononi, zinakatika zikipindwa mara chache, na zinapoteza nguvu mapema kwa umbali. Kwangua uzi mmoja kwa wembe kabla ya kulipa: ukigeuka mweupe, ni alumini. Kwa mita tatu za mezani unaweza kuvumilia. Kwa mita arobaini za kupita darini, lipia shaba.

Pili, vichwa vya kebo. Fundi akipanga rangi kwa kukisia, akihakikisha tu kwamba pande mbili zinafanana, kile kipima taa cha bei rahisi kitawaka vizuri moja hadi nane na yeye ataondoka na pesa zake. Lakini nyuzi zinazopaswa kusokotwa pamoja zitakuwa zimetenganishwa, na kebo itadondosha mtandao kila mzigo unapoongezeka. Mwambie afuate mpangilio wa rangi uitwao T568B pande zote mbili. Halafu angalia kasi ya muunganisho kwenye Windows. Ikisema Mbps 100 wakati vifaa vyote ni vya gigabiti, kuna jozi isiyoshika. Gigabiti inataka jozi zote nne, ilhali Mbps 100 inaridhika na mbili.

Tatu, radi. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi Afrika, na waya wa shaba unaotoka jengo moja kwenda jingine ni njia nzuri ya kuleta radi mezani. Ndani ya chumba, sawa. Kati ya majengo mawili, tumia faiba, ambayo ni nyuzi za kioo, maana kioo hakipitishi umeme, au uunganishe kwa redio. Na laptopu nyembamba isiyo na tundu la waya itahitaji adapta ya USB kwenda LAN, inayoipa laptopu tundu hilo, gharama ya ziada ambayo wauzaji huitaja ukiwa umeshalipia waya.

Kwa kompyuta isiyohama, yaani ya kaunta, ya kuchapa, ya mhasibu, waya. Kwa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta, au mwanafunzi anayehama kitanda kila muhula, adapta ya masafa mawili.

Ripita, kifaa cha kurudia mawimbi ya Wi-Fi ili yafike mbali, nitaitaja kwa ufupi kwa sababu inauzwa sana. Ile ya kawaida yenye redio moja hupokea na kutuma kwa zamu, hivyo kasi inapungua karibu nusu, na kwenye jengo lenye msongamano inaongeza msongamano. Kabla ya kuinunua, itoe rauta nyuma ya televisheni au kwenye kabati la chuma, uiweke juu, katikati ya nyumba. Mara nyingi safari ya ripita inaishia hapo.

Betri ndogo ya rauta dhidi ya UPS kubwa

Hiki ndicho chanzo kinachokosewa kuliko vyote, na sababu yake ni laptopu yenyewe. Umeme ukipepesa kwa sekunde moja, taa ikififia na kurudi, laptopu haijui kitu kwa kuwa ina betri. Rauta imezima na kuwaka. Itachukua dakika moja hadi tatu kurudi hewani, na kwa muda huo mwenye laptopu anaona kitu kimoja tu: mtandao umekatika tena, kompyuta mbovu. Iwe ni zama za kampuni ya Umeme au za UEDCL, shirika la serikali lililochukua usambazaji wa umeme Aprili 2025, huo mpepeso wa sekunde moja rauta inauhesabu kuwa kukatika kamili.

Ndiyo maana nilisema uangalie saa kwenye ripoti. Vilevile rauta nyingi zina ukurasa unaoonyesha zimewaka kwa muda gani. Ukikuta inasema dakika 40 na wewe hujaizima tangu jana, umempata mhalifu.

Betri ndogo za rauta, zile za volti 9 au 12 zinazokaa kati ya chaja na rauta, ni bora hapa kuliko UPS ya kawaida, lile boksi la betri linaloshikilia kompyuta umeme ukikatika. UPS hugeuza umeme wa betri kuwa volti 240, kisha chaja ya rauta inaurudisha kuwa volti 12. Nguvu zinapotea mara mbili kwa mzigo mdogo sana. Betri ndogo haina mzunguko huo, na inaweza kuiweka rauta hai kwa saa kadhaa. Sharti moja tu: soma nyuma ya rauta. Ukiipa rauta ya volti 9 umeme wa volti 12, unaweza kuiua siku hiyohiyo. Soma pia ampea. Betri inayotoa ampea 1 haitaiwasha vizuri rauta inayotaka 2, na itazima na kuwaka yenyewe, yaani umenunua tatizo lilelile ulilokuwa unalikimbia.

Wenye sola ya volti 12 nyumbani hupenda kuunganisha rauta moja kwa moja. Wakati wa kuchajiwa, betri ya sola hupanda hadi zaidi ya volti 14. Weka kidhibiti cha volti katikati.

UPS kubwa inabaki na nafasi yake kwa kompyuta ya mezani isiyo na betri, na kwa faiba ambapo mara nyingi kuna visanduku viwili, cha faiba na cha Wi-Fi, vyote vikihitaji umeme. Uliza pia vifaa vya mtoa huduma vilivyo chini ya jengo vinapata umeme wapi. Kama navyo vinategemea soketi ya askari wa lango, betri yako haitabadilisha kitu.

Laini ya pili: simu, MiFi au faiba nyingine

Hili ni la wale ambao kipimo chao kilionyesha rauta inajibu na nje kuko kimya. Hakuna waya wala adapta itakayokusaidia hapo.

Kuunganisha simu kwa waya wa USB na kuitumia kama modemu ni bora kuliko kuwasha hotspoti. Simu inachaji, Wi-Fi yenye msongamano inakwepwa, na zaidi ya hayo unapata kipimo kingine: kompyuta ikitulia mchana mzima kwa USB ilhali inakatika kwa Wi-Fi, umeshajua kadi au hewa ndiyo yenye kosa. Kasoro ni bando. Tangu Julai 2021, kodi ya asilimia 12 juu ya data ilichukua nafasi ya ile ya OTT, yaani ya mitandao ya kijamii, ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza Julai 2018, na Windows haina huruma. Ikiona intaneti inaanza kushusha masasisho. Iambie kwamba muunganisho huo unalipiwa kwa kiasi (Metered connection), chaguo lililo kwenye mipangilio ya kila mtandao, kabla hujaenda kuchukua chai.

MiFi inaiacha simu huru na inahudumia watu kadhaa, ila ikikaa kwenye chaja mwezi mzima betri yake huweza kuvimba. Kwa matumizi ya dukani tafuta rauta ya laini ya simu isiyo na betri kabisa, kisha uipe ile betri ndogo ya nje. Faiba ya pili ni ghali, na mara nyingine kampuni mbili hupitisha nyaya zao kwenye nguzo moja, kwa hiyo lori likigonga nguzo zote zinakufa pamoja. Kwa duka linalotoa risiti za EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato URA, na kupokea malipo mtandaoni, mpango wangu ungekuwa faiba moja na laini ya simu ya kampuni tofauti, iliyowekwa tayari na kujaribiwa, isiyosubiri mteja awe amesimama kaunta.

Kwa walio mpakani, Arua, Mpondwe, Mutukula au Busia, ongeza kipimo kimoja. Simu na MiFi huweza kushika mnara wa nchi jirani ambao ishara yake ni kali zaidi kwa dakika hiyo, halafu data ikagoma au ikatozwa kwa bei ya ugenini. Mtandao unaonekana kukatika na kurudi bila mpangilio, hasa jioni. Ingia kwenye ukurasa wa MiFi, zima data ya ugenini, na badala ya kuiacha ichague mtandao yenyewe, uchague wa Uganda kwa mkono. Ukimaliza hapo na ping bado inakufa kwenye 8.8.8.8, piga picha za madirisha hayo zikionyesha saa, ndipo umpigie mtoa huduma. Wahudumu wa simu wataanza kwa kukuambia uzime rauta na kuiwasha. Waambie umeshafanya hivyo, uombe namba ya malalamiko, na uiandike mahali. Bila namba hiyo, ukifika kulalamika UCC, tume ya mawasiliano, huna pa kuanzia.